Seti ya chipu 300 na karata za Ngamiani: inamfaa mcheza blakijeki anayehamia poka?

Ndani ya kisanduku cha aluminiamu mna chipu 300, pakiti mbili za karata, dadu tano, kibao cheupe kinachoonyesha zamu ya mgawaji, kadi mbili za maelekezo na kitambaa cha kijani chenye mchoro wa blakijeki upande mmoja na poka upande wa pili. Ndiyo seti inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya michezo Ngamiani, Tanga, bila jina la kiwanda, bei ya kupatana. Wanaoiulizia zaidi ni vijana waliojifunza blakijeki, yaani ishirini na moja, kwenye simu, na sasa wanataka kukaa mezani na wenzao wacheze poka ya Texas, ambayo kila mchezaji hushika karata mbili na tano nyingine za wote hufunuliwa mezani. Kwa kazi hiyo seti ni nzuri, ila karata zake za karatasi zibadilishwe, chipu zipangiwe thamani upya, na kadi za maelekezo zisiaminiwe moja kwa moja. Chipu na kitambaa vinastahili fedha yako.

Kwanza sheria, kwa sababu Tanga ni mji wa watu wanaojuana. Chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, kuendesha mchezo wa fedha bila leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni kosa, na mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Kwa familia nyingi za hapa, dini nayo imeshalimaliza suala la kamari. Yote yanayofuata yanahusu kucheza kwa chipu tupu, ambazo mwisho wa jioni zinarudi kisandukuni. Hesabu haipungui chochote kwa kukosa fedha mezani. Ila kila mchezaji aanze na chipu zenye kikomo, na akiishiwa akae pembeni hadi raundi mpya. Chipu zisizo na mwisho humfanya mtu alipe kila dau, na hapo hakuna anachojifunza.

Chipu na namna ya kuzipanga

Chipu hizi ni za plastiki ngumu yenye kipande cha chuma katikati, gramu 11.5 kila moja, kipenyo karibu milimita 40. Chipu 300 peke yake ni karibu kilo tatu na nusu, hivyo kagua mpini na bawaba za kisanduku kabla ya kukibeba kwenye baiskeli. Rundo la chipu 20 linasimama vizuri bila kuyumba. Hazina namba, zina michoro ya dadu pembeni tu, na hilo ni jema kwa sababu unaweza kuzipa thamani unayoitaka. Zimegawanywa hivi: nyeupe 100, nyekundu 50, bluu 50, kijani 50 na nyeusi 50.

Kosa linalofanyika karibu kila mara ni kumgawia kila mchezaji idadi sawa ya kila rangi, bila kujali mchezo. Kwa poka ya watu sita yenye madau ya lazima ya 1 na 2, yale ambayo wachezaji wawili huweka kabla ya kuona karata, mpe kila mmoja nyeupe 15 za pointi 1, nyekundu 7 za pointi 5 na kijani 6 za pointi 25. Jumla ni 200, yaani mara 100 ya dau kubwa la lazima, kiasi kinachoruhusu mchezo wa kufikiri. Utakuwa umetumia nyeupe 90, nyekundu 42 na kijani 36, na nyeusi za 100 zote zinabaki akiba ya raundi nyingine. Ukiwapa watu pointi 40 tu, kila mkono utaishia kwa mtu kusukuma chipu zote katikati kabla karata za mezani hazijafunuliwa.

Kwa blakijeki zirudishe bluu na uzipe thamani ya 10. Sababu ni malipo ya 3 kwa 2: dau la 5 likipata blakijeki, yaani ree na karata ya thamani ya kumi, linadai 7.5, na nusu chipu haipo. Dau la chini likiwa bluu moja, malipo ni bluu moja na nyekundu moja, na mgawaji hasimami kutafuta chenji. Kwenye poka ziondoe tena hizo bluu. Thamani tano tofauti mezani huwachanganya wanaojifunza, na poti, yaani chipu zote zilizowekwa katikati, ikihesabiwa vibaya kila uamuzi unaofuata unaharibika.

Karata

Hapa ndipo seti inapoanguka. Pakiti zote mbili ni za karatasi yenye ng'ao ya plastiki juu. Ukanda wetu una unyevu wa bahari mwaka mzima, na karatasi inafyonza unyevu kupitia kingo, ambako hakuna ng'ao. Karata hujikunja, kisha hushikana mbilimbili, na mgawaji hutoa mbili akidhani ni moja. Kubwa zaidi ni alama. Kona ya ree ya shupaza ikishachanika kidogo, mwenye jicho ataijua hata ikiwa imelala kifudifudi. Katika lasti kadi ya barazani hilo linavumilika. Katika poka, ambapo mchezo mzima ni kile usichokiona, pakiti hiyo imekwisha.

Nunua pakiti za plastiki halisi. Copag za Brazil ni za PVC, Kem ni za asetati ya selulosi, na zote hufutwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kisha hukaushwa kivulini. Usiziache ndani ya gari juani, zitapinda. Dukani, karata unaijaribu kwa kuikunja kama upinde mpaka ncha zikaribiane, kisha unaiachia juu ya kioo cha kaunta. Ya plastiki halisi hulala bapa mara moja, ya karatasi hubaki na mgongo. Chagua ukubwa wa milimita 63 kwa 88, kwa sababu visanduku vitano vya karata za mezani kwenye kitambaa vimechorwa kwa kipimo hicho. Zile nyembamba za milimita 57 zinacheza pia, ila hazijazi mchoro.

Pakiti moja ina mgongo mwekundu na nyingine wa bluu. Usizichanganye kucheza blakijeki ya pakiti mbili. Mchezaji akiona kwamba karata inayofuata ina mgongo mwekundu, anajua inatoka pakiti ipi, na kama amekumbuka kwamba karata nyingi za kumi zilizotoka ni za bluu, ana habari ambayo mchezo haukukusudia kumpa. Blakijeki ichezwe kwa pakiti moja, ya pili isubiri. Kwenye poka ndipo rangi mbili zinasaidia: moja inagawiwa, nyingine inachangwa na mtu wa pembeni, na mchezo hausimami.

Kuchanga nako kunahitaji uangalifu. Ule mtindo wetu wa kuzishusha karata mafungumafungu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine huchanganya polepole mno. Zigawe mafungu mawili, uziachie kwa dole gumba zipishane, na urudie mara saba. Namba saba inatokana na hesabu za wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis za mwaka 1992 kwa pakiti ya karata 52. Mkono wa poka ukiisha, karata zinarudi zikiwa zimeandamana, jozi kwa jozi na shupaza kwa shupaza. Ukizichanga vibaya, mkono unaofuata utakuwa na mifululizo mingi kuliko kawaida na wanaojifunza watapata picha potofu. Seti haina karata ya kukatia, ile ya plastiki ya rangi inayowekwa chini ya pakiti. Kata kipande cha plastiki ngumu cha kipimo kilekile. Bila hicho karata ya chini kabisa huonekana wakati wa kugawa, na aliyeiona ana faida.

Kitambaa, na somo lililochapwa juu yake

Kitambaa ni chepesi lakini kimeshonwa kingo, na karata zinateleza juu yake bila kunasa. Kitandike juu ya blanketi jembamba, si juu ya meza tupu, la sivyo karata haziokoteki. Upande wa blakijeki umechapwa sheria tatu kwa Kiingereza: blakijeki inalipwa 3 kwa 2, mgawaji anachukua mpaka 16 na anasimama kwenye 17 zote, bima inalipa 2 kwa 1. Hizo ni sheria nzuri. Kitambaa kilichoandikwa 6 kwa 5 kiache dukani, kwani badiliko hilo peke yake linaongeza faida ya mgawaji kwa takriban asilimia 1.4, wakati mchezaji anayefuata mkakati sahihi kwenye meza ya 3 kwa 2 hupoteza karibu nusu asilimia tu.

Ule mstari wa bima ndio daraja bora kutoka blakijeki kwenda poka, na kama utafanya zoezi moja tu na seti hii, fanya hili. Mgawaji akifunua ree, unaruhusiwa kuweka dau la pembeni kwamba karata yake iliyofichwa ni ya thamani ya kumi. Ikiwa ndivyo unalipwa 2 kwa 1. Ili usile hasara, karata ya kumi inapaswa kutokea angalau mara moja katika kila mara tatu, yaani asilimia 33.3. Pakiti moja ina karata 16 za namna hiyo: kumi, Jeki, Kwini na Kingi, nne nne. Umeona ree ya mgawaji na karata zako mbili, tuseme 9 na 7. Zimebaki 49, na 16 kati ya 49 ni asilimia 32.7. Hasara, ingawa ndogo. Sasa chukua mtu mwenye Kingi na kumi mkononi, anayeona ishirini yake ni nzuri mno kuiacha bila ulinzi. Yeye ameshika mbili kati ya zile 16, kwa hiyo zimebaki 14 kati ya 49, asilimia 28.6. Watu hununua bima hasa wakiwa na ishirini, na huo ndio wakati bima inapokuwa ghali zaidi.

Kuna maswali mawili hapo: malipo yananitaka nishinde mara ngapi, na karata ambazo sijaziona zinanipa mara ngapi? Poka inauliza hayohayo kila mtu anapoweka dau. Geuza kitambaa. Weka pointi 60 katikati, kijani mbili na nyekundu mbili, na mwenzako asukume 20. Poti sasa ina 80, nawe unatakiwa kulipa 20. Baada ya malipo yako itakuwa 100, na 20 kati ya 100 ni asilimia 20. Hicho ndicho kizingiti chako. Una karata mbili za shupaza mkononi, nyingine mbili zipo mezani, na imebaki karata moja kufunuliwa; unasubiri shupaza ya tano. Shupaza ambazo hujaziona ni 9 na karata ambazo hujaziona ni 46, hivyo una asilimia 19.6. Ni nusura kufika. Unaweza kulipa ikiwa tu unaamini kwamba shupaza ikitoka mwenzako atakulipa dau jingine. Ungekuwa unasubiri kukamilisha mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana, uliofunguka pande zote mbili, karata za kukufaa zingekuwa 8, asilimia 17.4, na hapo unatupa.

Rudia kwa dau la 30: kizingiti kinakuwa asilimia 25, na mikono yote miwili inatupwa. Rudia kwa 10: kizingiti kinashuka hadi 12.5 na yote miwili inalipwa. Fanya hivyo kwa chipu halisi, uzisukume kwa mkono, maana kwenye simu programu hukutajia poti na jicho halijifunzi kuipima. Mcheza blakijeki mzuri hushika somo hili upesi kuliko mtu aliyeanzia poka, kwa kuwa ameshazoea kuchukua hatua iliyo sahihi kihesabu hata inapoonekana mbaya, kama kuongeza karata akiwa na 16 mbele ya kumi ya mgawaji.

Kuhesabu karata: kinachohama na kinachobaki

Wengi hutegemea kwamba kuhesabu karata kutawapa nguvu mezani, na hapa panahitaji uangalifu. Tangu mwanahisabati Edward O. Thorp aonyeshe mwaka 1962 kwamba blakijeki inaweza kushindwa kwa hesabu, njia iliyoenea zaidi ni ile ya kuongeza moja kwa kila karata ya 2 hadi 6, kupunguza moja kwa kila kumi, karata ya picha au ree, na kuziacha 7, 8 na 9. Kwa kuwa pakiti ina ndogo 20 na kubwa 20, ukimaliza zote lazima ufike sifuri. Zoezi lake linafanyika vizuri na pakiti moja ya plastiki: toa karata moja bila kuiangalia, hesabu zile 51, kisha sema iliyofichwa ni ya kundi gani. Ukiishia +1, umeficha kubwa. Ukiishia −1, umeficha ndogo. Lengo la kawaida ni kumaliza chini ya sekunde 30.

Katika poka ya Texas hesabu hiyo inayoendelea haina kazi. Pakiti inachangwa upya kila mkono, kwa hiyo kilichotoka mkono uliopita hakikusaidii kitu. Anayekaa mezani akiongeza na kupunguza moja kichwani anachosha akili bure. Kinachohama ni mazoea ya kujiuliza ni zipi hazijaonekana, na hayo yana matumizi mawili.

La kwanza ni karata ulizoshika wewe kuzuia mikono ya mwenzako. Ree mbili zinaweza kupatikana kwa njia 6 katika pakiti. Ukiwa na ree moja mkononi, njia hizo zinabaki 3. Ree na Kingi kwa pamoja zina njia 16, nazo zinashuka hadi 12. Na ikiwa mezani kuna shupaza tatu na ree ya shupaza iko kwako, hakuna mwingine anayeweza kuwa na shupaza tano zilizo bora kuliko zote, hata aweke dau la kutisha namna gani, ila mwenye mfululizo wa shupaza tupu.

La pili ni poka ya karata saba, ambayo seti haiitaji popote ingawa ndiyo shule bora kwa mtu aliyetoka kwenye blakijeki. Kila mchezaji hupata karata saba, nne kati yake zikiwa wazi, na walioacha hufunika zao. Ni lazima uzikumbuke. Chukua mfano: una karata tano, nne ni shupaza, na umeshaona karata 9 za wengine, zikiwemo shupaza 4. Asiyekumbuka atasema shupaza zimebaki 9 kati ya 47 na kwamba kwa karata mbili zijazo ana asilimia 35. Ukweli ni kwamba zimebaki 5 kati ya 38, na nafasi yake ni asilimia 25 tu. Tofauti hiyo inatosha kugeuza malipo sahihi kuwa hasara. Wazee wanaocheza wahedi wa sitini, wanaojua pointi ngapi zimekwisha kutoka na nani ameishiwa kopa, hawatapata taabu hapa. Watu sita wakicheza hadi mwisho hutumia karata 42, pakiti inatosha.

Andy Bloch, aliyekuwa kwenye timu ya wahesabu karata za blakijeki ya MIT, chuo kikuu cha Marekani, ni mfano unaojulikana. Mwaka 2006 alibaki wa pili nyuma ya Chip Reese kwenye shindano la kiingilio cha dola 50,000 la World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka, lililochanganya michezo mitano ya poka, mitatu kati yake ikiwa ya jamii hiyo ya karata saba. Meza ya mwisho lakini ilichezwa kwa poka ya Texas isiyo na kikomo cha dau. Kumbukumbu ya karata ilihitaji kuungana na ujuzi wa kusoma watu.

Yanayomponza mcheza blakijeki

La kwanza huonekana ndani ya nusu saa. Kwake Kingi na kumi ni ishirini, mkono wa kukaa nao. Katika poka Kingi na kumi za aina tofauti ni mkono wa mashaka: ukipata jozi ya Kingi, mwenye ree na Kingi au Kingi na Kwini anakushinda, nawe unalipa mpaka mwisho. Vivyo hivyo ree na kumi, ambayo kwenye ishirini na moja ingelipwa 3 kwa 2. Ree yenyewe katika poka inaweza kuanza mfululizo chini ya 2 au kuumaliza juu ya Kingi, lakini haizunguki. Kwini, Kingi, ree, 2 na 3 si mfululizo, na ugomvi juu ya hilo hutokea kila meza mpya.

Pili, kutupa karata. Katika blakijeki dau lako liko mezani kabla hujaona chochote, kwa hiyo mkono mbaya unauchezea ili upoteze kidogo iwezekanavyo. Katika poka, asiyekaa kwenye madau ya lazima hajaweka kitu, na kutupa hakumgharimu chipu hata moja. Kwenye meza iliyojaa, mchezaji makini hutupa zaidi ya robo tatu ya mikono. Aliyetoka kwenye blakijeki huona anakaa bure, akaanza kulipa ili aone karata. Zoezi lake ni kugawa mikono 20 mfululizo ukiamua tu kucheza au kutupa kabla ya karata za mezani, na kuandika ngapi umecheza. Zikizidi 6, anza tena.

Tatu, ukubwa wa dau. Mhesabu karata hupandisha dau hesabu inapokuwa nzuri, na mgawaji hajali, kwa sababu analazimika kufuata kilichoandikwa kwenye kitambaa. Ukifanya hivyo kwenye poka, dau kubwa kwa mkono mzuri na dogo kwa mbaya, wenzako watakusoma baada ya raundi chache na hawatakulipa kamwe. Weka kiwango kimoja, kati ya nusu na theluthi mbili ya poti, uwe na mkono au unazuga, yaani unajifanya unao. Kuzuga kwenyewe hakuna mizizi yoyote katika blakijeki. Mgawaji hazugiki. Hilo linajifunzwa upya, na hakuna kadi ya maelekezo inayoweza kulifundisha.

Nne, nafasi ya kukaa. Kwenye blakijeki anayecheza mwisho hana faida ya kudumu. Kwenye poka anayeamua mwisho ameona wengine wote wamefanya nini, na anaweza kucheza mikono mingi zaidi. Ndiyo maana kile kibao cheupe kinapaswa kuhama kushoto kila mkono. Wanaoanza hukisahau, mtu mmoja akabaki na nafasi bora jioni nzima.

Kadi za maelekezo na mengine madogo

Kadi ya mkakati wa blakijeki haisemi ni ya pakiti ngapi. Inakuambia ukiwa na 11 mbele ya ree ya mgawaji uongeze karata bila kuzidisha dau mara mbili. Hiyo ni sahihi kwa pakiti nyingi na mgawaji anayesimama kwenye 17 zote, lakini kwa pakiti moja unayotumia nyumbani unazidisha. Kadi ya poka inataja ngazi za mikono kwa usahihi, ila haielezi kwa nini karata tano za aina moja zinashinda mfululizo, na hapo ndipo watu hubishana. Kati ya mikono 2,598,960 ya karata tano, mfululizo wa kawaida unapatikana kwa njia 10,200, karata za aina moja kwa njia 5,108, na tatu zinazofanana pamoja na jozi kwa njia 3,744. Iliyo adimu ndiyo inayoshinda. Andika namba hizo nyuma ya kadi.

Dadu hazina kazi katika mchezo wowote kati ya hii miwili.

Chipu zioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini. Bawaba za kisanduku ni za chuma cha kawaida na huku pwani zitashika kutu mapema. Tone la mafuta ya cherehani kila mwezi linatosha, lakini lisiguse sponji ya ndani, kwani hunyonya mafuta na kuyahamishia kwenye karata. Weka ndani vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akifungue kisanduku hapohapo kaunta. Hesabu kila safu ya chipu, kisha weka nyeupe kumi na nyekundu kumi bega kwa bega. Marundo mawili yakitofautiana urefu, kuna mchanganyiko wa chipu za seti mbili na hazitakaa sawa. Tikisa chipu chache karibu na sikio: inayolia ndani ina kipande cha chuma kilicholegea, ibadilishe. Kunjua kitambaa chote usome kama kimeandikwa 3 kwa 2. Na muulize kama anaweza kukupunguzia ukimwachia pakiti zake mbili za karatasi, ziende kwa wanaocheza lasti kadi.